Miadi ya Juni

Oulu, kumi na nane chini ya sufuri.
Tuovi anafungua boneti
ya gari linalonuka dukani bado.

Kitabu kimesema: kilomita elfu thelathini,
au miaka miwili, lolote litakalotangulia.
Skrini inasema kila kitu kiko sawa.
Limetembea elfu moja na mia mbili.

Anachomoa kijiti, anakifuta kwa soksi ya Raimo,
ya kushoto, iliyobaki bila mwenziwe.
Anakirudisha. Anakichomoa tena.

Oili imesimama kati ya alama mbili,
rangi ya asali, haina kosa.

Chuma kipya hung'atana kikijuana,
Raimo alizoea kusema,
na unga wake huzama humo humo;
ya kwanza imwage mapema, kitabu kisikudanganye.

Kifua kilipombana mwezi wa tatu
alisema, daktari ameandika Juni.
Juni si mbali.

Tuovi anasugua tone kwa kidole gumba,
analielekeza kwenye taa ya baraza:
vumbi, jembamba, linameta.

Anapiga simu gereji.
Kijana anacheka: mapema mno, mama.

"Najua.
Kesho saa ngapi mnafungua?"