Siku ya Nne

Mezani kwangu, Tartu, mwezi wa pili,
theluji imefunika baiskeli hadi tandiko,
na sisi watano tumeitandaza Georgia
juu ya makombo ya mkate mweusi.
Penseli ninayo mimi. Raba pia.

Endel amekuja na orodha:
mahali kumi na moja, siku sita,
kila jina limepigiwa mstari kwa rula,
kwani alikuwa mpima ardhi miaka thelathini
na bado anaamini kwamba kilometa
ni kilometa popote ulipo.

Nikamwambia, Endel, hapa kwetu
mia mbili na thelathini ni kahawa moja na habari za redio.
Kule, Kutaisi hadi Mestia, ni kutwa nzima.
Hesabu nami:
goti la Aita, linalodai kunyooshwa
kila baada ya saa moja na nusu;
Jaan, asiyeamka kabla ya saa tatu hata nyumba ikiungua;
ng'ombe waliolala katikati ya lami
kama wenye hatimiliki;
lori mbele yetu, kona mbele ya lori;
na Virve, atakayepiga kelele "simama!"
kwa sababu ya ua.
Ua lolote.

"Simu inasema saa nne na nusu," akasema Endel.
Simu haina goti.

Akanyamaza, akakoroga chai isiyo na sukari.

Tulishafanya hivyo Norwei, mwaka juzi.
Picha mia nne, na katika nyingi
kuna wadudu waliopondeka kwenye kioo cha mbele.
Maporomoko yote tuliyaona kwa mwendo wa themanini.
Siku ya tano Aita alishuka kituo cha mafuta,
akaketi juu ya begi lake, akasema
anarudi nyumbani kwa miguu,
na hakuna aliyecheka, maana
kila mmoja wetu alikuwa anatafuta begi lake.

Basi nikafuta.
Mji wa mapangoni, nikafuta.
Batumi na bahari yake, nikafuta
(Jaan akaguna: kaptura alishanunua).
Mbio za sakafuni huishia ukingoni,
na njia ya kupanda Ushguli ukingo inao;
kuna mahali reli ndiyo haipo.

Tukampigia Lamara, mwenye nyumba ya wageni Mestia.
Virve akaongea naye Kirusi cha shuleni, kilichoota kutu.
Lamara hakuuliza tunataka kuona nini.
Aliuliza tuko wangapi, nani hali nyama,
na baada ya chakula cha mchana kwa shemeji yake Nugzar,
anayejitengenezea divai mwenyewe
na asiyevumilia glasi tupu,
ni nani kati yetu atakayeshika usukani?

Tukatazamana.

"Basi mtalala," akasema. "Siku mbili. Nimeshaandika."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa siku ya nne.
Nikaichorea kisanduku, na ndani yake
sikuandika kitu.
Endel alikitazama
kama mtu anayetazama pengo la jino kwenye kioo.
"Sasa tutafanya nini?"
Tutafua soksi, akasema Aita.
Tutaketi, akasema Virve.
Jaan alikuwa amesinzia, na hilo nalo lilikuwa jibu.

Walipoondoka nikapiga hesabu ya mafuta,
bima, dereva wa pili (yaani Virve, Mungu atulinde),
nikaandika *hakuna kuendesha gizani*
na kuipigia mistari miwili.

Asubuhi, nikikunja ramani, nikaona
ndani ya kile kisanduku,
kwa mwandiko mwembamba wa mpima ardhi,
hafifu kama aliyeogopa kusikika,
kanisa moja. Dogo. Na pembeni yake:
*km 3. Kwa miguu. Goti likikubali.*

Raba ilikuwa mkononi.
Nikaiweka chini, nikachukua penseli, nikaongeza:
*saa mbili kwenda.*
*Kurudi, tutaona.*