Kioo cha Chaula

Mkono wa kulia wa baba ulibaki kiwandani,
Mafinga, mwaka ule wa sakitu kali.
Msumeno haukuuliza jina.
Wenzake waliuzika kando ya shamba la misindano,
wakaweka kijiwe, wakavua kofia,
kisha king'ora kikalia, wakarudi kazini.

Lakini mkono haukukubali kufa.
Usiku wa Julai, mbwa wakijikunja jikoni,
baba huamka: "Tupokigwe, kidole gumba kinawasha."
Mama hupapasa gizani,
akakuna shuka, akakuna hewa,
akakuna pale mume wake anapoishia.
"Hapo?"
"Chini kidogo."
Asipokuna, anaambiwa hana huruma.

Na king'ora je?
Saa saba mchana kinalia ng'ambo ya barabara;
baba hana zamu tena, hana kadi ya kugonga,
ameshakula na sahani imeshaoshwa,
lakini mate yanamjaa mdomoni
na mguu unasaka buti chini ya kitanda.
"Mimi wamenifukuza," anasema,
"tumbo bado wameliajiri."

Mimi nilikuwa chuoni Iringa, nasomea ualimu.
Saikolojia ilikuwa Alhamisi, baada ya maharage,
nusu ya darasa imesinzia.
Mwalimu Kihongosi akachora ubongo ubaoni,
ukafanana na kabichi ya Njombe iliyopasuliwa.
"Humu mwili umechorwa upya," akasema, "kama ramani ya vijiji.
Midomo imejitwalia eneo kubwa, mgongo umepewa kiwanja,
na uso umepakana na mkono.
Siku mkono ukihama,
jirani anavuka mpaka, analima shamba lake."
Kalamu ikanidondoka.

Maana niliikumbuka Jumamosi moja kwa kinyozi Chaula:
wembe ulipopita shavu la kulia
baba aliruka kitini,
"Wewe! Mbona unanikata kidole?"
Benchi zima likacheka mpaka redio haikusikika.
Chaula peke yake hakucheka.
Aliutazama wembe wake
kama mtu aliyesingiziwa wizi.

Likizo ilipofika nikaazima kioo chake.
Nikakisimamisha mezani, kati ya birika na Biblia,
mkono wa kushoto mbele yake, kigutu nyuma.
"Baba, tazama kioo tu. Fungua ngumi. Polepole."

Akatazama.
Upande wa kulia, mkono ukarudi.
Ukafunguka kidole baada ya kidole,
na harufu ya utomvu ikaja, alisema,
na joto la mpini.
Miaka minne mkono ule ulikuwa umekunja ngumi
mahali ambapo daktari hana njia ya kufika.
Machozi yakateremka shavuni,
naye akaanza kucheka:
"Vidole vimelowa! Tupokigwe, njoo, vidole vimelowa!"

Usiku ule alilala mpaka jogoo wa pili.

Asubuhi, akinywa uji kwa kushoto, akaniuliza:
"Mwalimu, mimi najua ni kioo.
Jana nilijua, na nilipokuwa nacheka nilijua.
Na bado ngumi imefunguka.
Sasa anayejua ni nani, na anayedanganyika ni nani?
Wanalalaje kichwa kimoja
bila hata kusalimiana?"

Nikaenda kufungua daftari.
Kwenye ukurasa ule nilikuta swali la Kihongosi, karibu lilelile,
nimelipigia mistari miwili chini,
na baada yake: *kengele*.

Kioo hakijarudi.
Wateja wa Chaula wananyolewa kwa kubahatisha,
wanatoka na vichwa vya mitaro.
Mara mbili amekuja kukidai,
na mara zote mbili amemkuta baba mezani,
anafunga, anafungua,
anafunga.
Akaletewa ulanzi.
Akaketi kwenye kigoda, kimya,
akikuna kidole gumba chake mwenyewe.