Zamu ya Thelathini

Saa tisa za usiku, Katowice. Theluji ya Februari
imeziba kioo cha jikoni hadi nusu.
Zamani saa hizi nilikuwa nakanda unga.
Leo nakanda nyota.

Nimepewa sayari moja, madini mia katika ghala,
na giza pande zote.
Jagna, mpwa wangu, hajuani na usingizi;
amevuta kiti, anatafuna tango la chumvi
alilolichomoa chupani kwa vidole.
"Jenga manowari, mjomba."
Manowari! Atailisha nani?

Kwanza chombo cha upelelezi. Kisha kingine.
Usiijue vita kabla hujaijua ramani.
Halafu mhandisi, kwenye mwezi ule wenye kovu, achimbe:
bila madini hata ndoto husimama foleni.
Ndipo meli ya walowezi, na hapa wengi hukwama,
wakingoja sayari ya buluu yenye mvua na nyasi.
Mimi naichukua hii ya mawe, ya baridi, ya jirani.
Leo ni leo.
Na kile kichochoro kati ya majua mawili nakiwahi,
nikipige kufuli la kituo kimoja tu,
kabla hao wenye pembe wa kaskazini hawajajua kuwa kipo.

Lakini koloni changa ni mtoto,
hula kabla ya kulima.
Zamu kumi litakunyonya nishati na nafaka,
na pale juu, kona ya kulia,
namba itageuka nyekundu.

Nyekundu ile naijua.

Duka la kwanza lilikuwa hapa, chini ya reli, likanenepa.
La pili Chorzów. La tatu Bytom. La nne Gliwice,
yote katika miezi kumi na minne,
tanuri kwa mkopo, gari kwa mkopo,
hata kengele ya mlangoni kwa mkopo.
Kila duka lilikula kabla ya kulima.
Kisha bei ya gesi ikapanda.
Teofil, aliyeingia kazini saa nane za usiku
kwa miaka kumi na mmoja bila kuchelewa,
nilimpa bahasha.
Akazihesabu mbele yangu, polepole,
akasema: "Ziko sawa, Bogumił,"
akatundika aproni yake msumarini, kana kwamba kesho ipo.

Mtaka yote hukosa yote, ndivyo tulivyoambiwa.
Mchezo huu unabisha:
mtaka yote hupata, mradi auwahi mlango.
Basi nilikuwa sahihi?
Nimeuchezea swali hilo usiku mwingi,
nimeshinda milki tatu, nimezika mbili,
na tofauti niliyoipata ni ndogo, aibu kuitaja:
huku, kabla sijabonyeza,
naonyeshwa zamu ijayo itanigharimu nini.

"Kule nako ulionyeshwa," anasema Jagna,
macho kwenye tango.
"Mama aliandika kila Ijumaa. Kwa penseli.
Daftari alikuwekea juu ya mzani."

Kweli. Juu ya mzani.
Nililisogeza ili nipime unga.

Hatusemi kitu.
Bomba la joto linagonga ukutani mara mbili, linanyamaza.
Kisha anaivuta panya kutoka mkononi mwangu,
anafungua ukurasa wa makoloni, yako matano,
anakuta la sita kwenye foleni, nusu limejengwa,
sayari ya buluu, yenye mvua na nyasi.
Analisimamisha.
Hajalifuta. Amelisimamisha tu.
"Lisubiri hadi hili la mawe lianze kujilisha."

Nilimfundisha nini mimi? Upelelezi, mwezi, kichochoro.
Hilo hakulipata kwangu.

Zamu ya thelathini.
Chakula, ziada ya nne.
Nishati, ziada ya moja.
Moja.
Naitazama kidogo, kama mkate unaoanza kuumuka,
kabla ya kubonyeza.