Nani Alilala Hapa

Usiku wa sensa nilipewa kishikwambi,
kizibao cha kung'aa, na swali moja
lisilouliza mtu anaishi wapi.
Liliuliza: nani alilala hapa?

Kuze, ghorofa ya tatu, ngazi haina kishikio.
Bi Zuwena ana themanini na mbili.
Mara ya mwisho kushuka ilikuwa arusi ya mjukuu,
akashushwa na kiti chake kama sanduku la vyombo.
Mboga hupanda kwa kapu na kamba,
maji hupanda kwa mgongo wa kijana wa mkokoteni,
habari hupanda zenyewe.
"Niandike," akasema, "lakini usiandike Kuze.
Kuze iko huko chini.
Nilipoiona mwisho ilikuwa bado na duka la vitambaa la Kalidas."

Chaani, chumba kimoja nyuma ya ghala.
Mzee Mwakio aliendesha kreni bandarini miaka thelathini na minne,
akainua shehena za watu asiowajua,
akajenga kwao, Wundanyi, nyumba ya madirisha saba.
Analala ndani mchunga ng'ombe wake.
"Mimi niko hapa, na kodi ya watu,
kwa sababu mashine ya figo
bado haijapanda mlima."

Ganjoni. Vyumba sita, taa moja.
Bi Ermelinda, mwalimu mstaafu, sabini na mmoja,
ameegemeza simu kwenye bakuli la sukari
ili wanawe walioko Toronto waone anavyokula.
Nyuma yake amesimama Kadzo na birika.
Mkuu wa kaya: Ermelinda. Mfanyakazi: Kadzo.
Umri wa mfanyakazi? Sitini na tisa.
Nani humshika mwenzake mkono kwenye vidato vya bafu,
kishikwambi hakikuuliza.

Mtongwe, kibanda cha lango.
Askari Kitsao akasema, "Andika hamsini na saba."
Nywele zake nyeusi tititi, piko ya juzi,
shingoni weupe umeanza kurudi.
Nikadhani anaiogopa kampuni.
Akatazama kwanza barabarani, kisha mimi.
"Kijijini kwetu, mwanangu, mvi siku hizi ni kesi.
Kaka yangu alihukumiwa usiku,
na mahakimu walikuja na mapanga.
Hapa sina kitanda, nina kiti.
Lakini asubuhi huwa naiona."
Nikaandika hamsini na saba.

Nilirudi kwangu Makadara saa kumi na nusu alfajiri.

Mama tunapokezana.
Wiki mbili Magongo kwa Swafiya,
wiki mbili Mtopanga kwa Athmani,
wiki mbili kwangu, na twaita hayo uangalizi.
Kanga zake ziko Magongo. Dawa ya macho iko Mtopanga.
Kwangu kuna miswaki yake mitatu, sijui kwa nini.
Athmani alikuwa aje kumchukua jioni,
gari likaharibika, akasema kesho.

Nikawapigia wote wawili kabla hawajaamka vizuri.
Swafiya amemwandika: nguo zake si ziko hapa?
Athmani amemwandika: zamu si yangu?
Mke wangu naye amemwandika,
maana ndiye aliyemtandikia.
Mama mmoja, kaya tatu.
Nchi imepata wazee wawili wa bure.

Nilimkuta sebuleni, kitini, buibui mwilini,
mfuko wa duka la viatu magotini,
kitanda cha mke wangu hakina hata kunyanzi.
Nikamuuliza kwa sauti ya kazi,
sauti niliyoitumia mji mzima:
"Ulilala wapi?"

"Kulala?" akasema. "Nilikuwa nangoja."

Nikatafuta kwenye kioo mahali pa kuliweka neno hilo.
Msikitini kukaadhiniwa.
Mama akanipa mfuko nimshikie, akatawadhe.
Sikuwa nimewahi kuushika.
Ulikuwa mwepesi.