Herufi H Mpaka N

Nimepewa herufi H mpaka N.
Meza ya kukunja, kiti cha chuma,
kalamu imefungwa uzi kama mbuzi wa sikukuu.
Magari ya zimamoto yametolewa nje, yamelowa,
ili tuingie sisi na masanduku yetu
saa moja kamili asubuhi.

Wa kwanza ni Hladik, mwenye duka la matairi.
Hajakosa tangu arudi vitani. Hutia sahihi
kama anayekaza nati: mzunguko, mzunguko, basi.
Nyuma yake Bi. Iyer, koti juu ya sare ya hospitali,
anapiga miayo mpaka machozi.
"Hii ya mfereji wa maji taka," anauliza,
"ndiyo maana yake ndiyo?"
Siruhusiwi kujibu. Namwonyesha maandishi.
Anayafuata kwa kidole, kama anayetafuta mshipa wa mgonjwa.

Zamani kaunti hii ilisomeka upesi.
Ng'ambo ya reli rangi moja, huku kwetu nyingine;
ungeipaka ramani umefumba macho.
Kisha zikaja nyumba zinazofanana kama mayai kwenye trei,
wakaja watu wa maabara, wa maghala,
wa mikopo ya miaka thelathini,
na wazee wa kiwanda cha vioo wakahamia chama
ambacho baba zao wasingekikaribisha hata kahawa.
Kwa akina Kessler bustani moja ina mabango mawili:
la mume karibu na sanduku la barua,
la mke karibu na waridi.
Mtoto wao ndiye anayekata nyasi.
Huyazunguka yote mawili kwa adabu.

Saa sita. Mvua. Mashine imemeza kura mia mbili na kumi na nne.
Waandishi wa jijini husema sisi ndio mizani,
tukiegemea sisi, jimbo zima linainama.
Waje basi waione mizani yenyewe:
sahani moja ina Hladik na Bi. Iyer,
nyingine ina mistari mitupu.

Na mistari mitupu ndiyo niisomayo mvua ikinipa nafasi.
Jankowski, Theodore: alikufa Machi, nilipeleka bakuli la viazi.
Kim, wote watatu: wamehama, mlangoni kuna kufuli la dalali.
Lattimore, Denise: kazi mbili, na basi la mwisho halifiki huku.
McGarrity, Sean: aliniambia mbele ya rafu ya maziwa,
"Wale wote lao moja."
Kisha akachagua maziwa dakika tano nzima,
akigeuza kila chupa atazame tarehe.

Nimeruka jina.

Lindqvist, Aaron. Miaka ishirini na sita.
Anaishi chini ya sakafu ninayoideki.
Asubuhi nilimwachia kahawa, na ufunguo wa gari
juu ya karatasi ya mfano, nikaja kwa miguu.
Sikumwambia amchague nani. Hilo tuligombana Krismasi
mpaka bata mzinga akapoa.
Nilitaka sahihi tu, hapa, kwenye mstari huu,
ile L yake inayolala kama ngazi iliyoegeshwa vibaya.

Saa mbili kasoro dakika nne usiku.
Taa za gari zinaingia uani. Nasimama.
Ni Bw. Nakamura na mkongojo wake,
anaomba radhi kwa maji anayoyadondosha.
Naye ni wa kwangu. Namgeuzia daftari.

Asilimia thelathini na tatu.
Ushuru wa mfereji umepita kwa kura sita.
Kesho watatupaka rangi moja mpaka mpakani,
kana kwamba tuliitika kwa sauti moja.

Nyumbani, taa ya chini inawaka. Kikombe kitupu.
Ufunguo uko pale pale nilipouacha.
Nauinua. Karatasi ya mfano imejazwa,
kiduara baada ya kiduara, hadi ule mfereji,
na wino umeburutika kuelekea kulia,
pale mkono wa kushoto ulipopita.