Daftari la Wageni

Jumanne ni siku ya Verlin Skaar.
Saa mbili kasorobo pikapu yake inaingia uani,
theluji imeshika bampa kama ukoko,
naye anabaki mle ndani dakika mbili, tatu,
injini imezimwa, kichwa kimeinama.
Najua anachofanya. Anaivua.
Anaifungia kwenye kisanduku chini ya kiti,
anajaribu kufuli mara mbili,
ndipo anakuja kwangu dirishani kuandika jina.

Mimi ndiye wa dirishani. Miaka kumi na tisa
nabandika watu majina yao vifuani:
mama wa keki, baba wa kushona mapazia ya jukwaa,
bibi wa kuvusha watoto barabara na fulana yake ya manjano.
Sheria iko ukutani nyuma yangu, niliichapa mwenyewe:
HAKUNA SILAHA. HATA YENYE KIBALI.
Wino mwekundu uliniishia njiani,
KIBALI ikatoka rangi ya waridi.

Verlin huisoma kila Jumanne kana kwamba ni mpya.
"Bado ipo," husema.
"Bado ipo," nami hujibu.
Ndiyo salamu yetu.

Hana ubaya. Niseme hivyo kabla ya mengine.
Huketi na darasa la pili kwenye viti vile vifupi,
magoti yamemfika kidevuni,
akimngoja mtoto amalize neno lake.
Hasaidii haraka.
Oskar, mwenye kigugumizi, humtaka yeye tu.

Halafu Jumanne ile ya Februari,
baridi ya kupasua mdomo,
pikapu ikagoma kuwaka. Akaletwa na mkewe.
Njia nzima, alinieleza baadaye, walizozana juu ya betri.
Akaandika jina. "Bado ipo." "Bado ipo."
Nikambandika.

Oskar alisoma ukurasa mzima siku ile,
mzima, bila kukwama,
akaruka, akamkumbatia kiunoni,
shavu likagota kwenye koti.
"Bwana Skaar, una nini hapa ki-ki-kigumu?"

Mwalimu Pruitt anasema hakuna aliyepiga kelele.
Anasema Verlin aliinua mikono,
juu kabisa, kama yeye ndiye aliyeelekezewa,
akatembea kinyumenyume hadi mlangoni
asije akaguswa tena.

Alifika dirishani kwangu mikono ingali juu.
"Andika," akaniambia.
Daftari lina safu nne: jina, saa ya kuingia,
saa ya kutoka, sababu ya kuja.
Kalamu ilizunguka, haikupata pa kutua.

Alhamisi bodi ilikutana katika ukumbi wa mazoezi.
Hoja ilikuwa mezani tangu Krismasi:
wazazi wa kujitolea, waruhusiwe kubeba?
Polisi yuko maili thelathini na moja, alisema mmoja,
na barabara haifagiliwi kabla ya saa nne.
Kweli. Nimeipima barabara hiyo usiku, kitandani,
kwa dakika.
Mwingine akasimama: "Mtoto wangu hukumbatia watu."
Akaketi. Hakuongeza neno.

Kisha wote wakamgeukia Verlin, safu ya nyuma,
kofia magotini. Kila upande ulimtaka awe shahidi wake.
"Niliisahau," alisema. "Miaka arobaini naivaa.
Nimeizoea kama meno. Niliisahau tu."

Hoja ikaahirishwa hadi Aprili.
Barua ya kumzuia asije niliichapa mimi,
nikaibandika stempu, nikaikalia siku mbili.

Oskar tulimwambia pikapu imeharibika.
Jumanne huja dirishani, pua kwenye kioo.
"Ime-imewaka?"
"Bado," nami hujibu.
Haondoki. Amegundua maandishi ya ukutani,
anayapanda herufi kwa herufi, kidole hewani,
"HA-KU-NA SI… SI… SI…"
Simu inalia. Naiacha.
Namngoja.