Namba Thelathini na Saba

Kwenye orodha ya ukongwe kazini mimi ni wa thelathini na saba.
Imebandikwa chumba cha marubani, karibu na birika,
ina doa la chai juu ya jina la Kapteni Bwire,
na kila alfajiri naisoma
kama mtu anayepapasa jino bovu kwa ulimi:
bado lipo.

Wamesema ndege nne zinakuja.
Mbili kabla ya masika, mbili Mungu akipenda.
Picha zake ziko ukutani, nyeupe pe,
hazijui bado mwewe wa Ilemela
wanaovuka njia ya kurukia na utumbo wa sangara mdomoni.
Lugha yetu imewapa jina moja, ndege na ndege;
ni *wa* na *ya* tu zinazowatenganisha,
na siku mbaya, kioo cha mbele.

Mazungumzo yako Isamilo, hotelini, ghorofa ya pili.
Leo siku ya tisa.
Wamekwama kifungu cha kumi na nne:
atakayefundishwa ndege mpya afungwe miaka mitano,
akiondoka kabla, arudishe milioni themanini.
Masalu wetu anasema mitatu.
Wao wanasema soko.
Sisi tunasema usingizi, tunasema
saa kumi na tatu kazini na bado mvua iko Bukoba.

Mama nilimkuta Mwaloni, anapepeta dagaa.
Hakuacha ungo.
"Hizo nne zinataka watu wangapi?"
Kila moja kumi, nikasema.
"Arobaini. Na nyie mko wangapi?"
Hamsini na wawili, wote tayari wana kazi.
Akapuliza magamba kwenye mkono.
"Mtu anayelalamika dagaa wana mchanga
na gunia hajaliachia,
huyo ananunua, mwanangu. Nyamazeni tu."

Lakini mama hajui hesabu yangu nyingine,
ile ninayoifanya usiku Pasiansi, taa imezimwa:
Novemba Bwire anatimiza sitini na tano,
sheria inamshusha.
Mstari wangu wa nne umekalia kiti chake.
Nimejikuta nikiuliza afya yake
kwa sauti isiyokuwa ya mtu anayeuliza afya.

Jana tulitoka naye Dar.
Ziwa likafunguka, wadudu wamepanda juu ya maji kama moshi wa kijiji,
majabali yamekaa vilevile, hayana zamu wala mkataba.
"Chukua," akaniambia, akaondoa mikono.
Nikaishusha.
Upepo wa kando, gurudumu la kushoto kwanza, kidogo, kisha la pili.
Hakusifu. Alisubiri injini zinyamaze
ndipo akasema, akifungua mkanda:
"Nami niliwekewa picha ukutani.
Nikangoja miaka kumi na moja. Zikaja tatu.
Mbili zilikuwa za kukodi, zikarudi kwa wenyewe.
Usijenge nyumba juu ya picha, Nyamizi.
Ila kifungu hicho, kataeni."
Akachukua kofia yake, akashuka ngazi kwa kushika reli,
jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Leo asubuhi orodha ni mpya, haina doa.
Mimi ni wa thelathini na sita.
Moyo uliruka kabla ya macho kumaliza kusoma.
Bwire yupo, wa kwanza, wino mweusi.
Aliyeondoka ni Kwandu,
wa thelathini na tano, Kwandu wa darasa letu,
aliyenifundisha kukariri hali ya hewa kwa kuiimba;
amesaini Ghuba, juzi, hakumwambia mtu.
Miaka mitano au mitatu, hakungoja kusikia.

Sijui kama hili Isamilo watalisoma kama silaha yetu
au kama nafasi iliyopungua gharama.
Birika lilichemka.
Nilimimina vikombe viwili, kwa mazoea,
nikanywa vyote.